Kinanda cha Mzee wa Ghorofa ya Tisa

Niliwahi kumharibia mzee mmoja wa Kifaransa kazi yake ya uzeeni kwa neno moja tu, tena nikiwa nimevaa tai. Nasema mapema, usije ukanionea huruma halafu baadaye ujute.

Nilikuwa soja, mlinzi wa mlangoni, kwenye jengo moja refu la Al Jaddaf, Dubai. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama karibu na mlango unaojifungua wenyewe, na kuwasalimia watu kana kwamba nimewafungulia mimi. Asubuhi basi la kampuni linatumwaga hapo kutoka kambini Muhaisnah, jioni linakuja kutuzoa. Hapo katikati unaangalia lifti. Lifti nayo inakuangalia.

Mzee alikuwa anakaa ghorofa ya tisa kwa binti yake. Alikuwa wa miaka themanini hivi, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimesimama kama mtu aliyeguswa na stima. Sikio moja alivaa kile kidude cha kusaidia kusikia. Kila siku saa tatu asubuhi alishuka kungoja teksi, na teksi haikuwahi kuja saa tatu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anaiita ije saa tatu na nusu. Hiyo ilikuwa njama yake ya kupata mtu wa kupiga naye stori. Supavaiza wetu alikuwa ametuambia tusiongee na wenye nyumba zaidi ya salamu. Basi salamu zetu zilichukua nusu saa.

Tuliongea Kiingereza, changu cha darasa la nane na chake cha kupitia puani. Hapa nakiandika kwa Kiswahili, na mjue kimependeza kuliko kilivyokuwa.

"Rafiki," aliniita hivyo, ndilo neno pekee la kwetu alilokuwa nalo. "Unajua mimi nilianza muziki kwa mguu?"

"Kwa kucheza densi, sir?"

"Hapana. Kwa kukanyaga."

Akanieleza. Kijijini kwao kulikuwa na kanisa, na kanisa lina ogani kubwa ya zamani isiyo na umeme. Nyuma yake kuna mivukuto, ile mifuko ya kupuliza hewa kama ya mhunzi, na lazima mtu aikanyage ndiyo ogani itoe sauti. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Anayepiga anasifiwa huko mbele, yeye anatoka jasho nyuma ya ukuta.

"Kama mimi na huu mlango," nikasema.

"Wewe mlango unajifungua."

"Ndiyo maana sisifiwi hata na Mungu, sir."

Alicheka mpaka kile kidude cha sikio kikapiga filimbi. Kuanzia hapo tukawa marafiki.

Maisha yake aliniletea kidogokidogo, kila asubuhi kipande. Alitoka kukanyaga akakaa mbele, akapiga ogani makanisani, akapiga piano mahotelini watu wakila bila kumsikiliza, halafu akaanza kutunga. Akatungia sinema. Nikamuuliza sinema gani, akasema zile za watu wanaoachana kwenye stesheni ya treni.

"Wewe ukiona mwanamke analia na treni inaondoka," akaniambia, "ujue anayemliza ni mimi."

Akapata jina. Halafu siku moja sokoni, kwenye vitu kuukuu, akanunua boksi la santuri kwa sababu alilitaka boksi. Ndani kulikuwa na santuri moja isiyo na maandishi. Kuipiga, mwanaume anakohoa, anasema maneno mawili matatu, anaanza kupiga kitu cha nyuzi na kuimba. Mzee aliniambia alikaa chini sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo.

"Nilikuwa nimetunga muziki miaka yote ile," akasema, "na sikujua muziki huo unatoka kwa nani."

Akaacha sinema. Mkewe akamwona amerogwa. Akaingia maktaba, akawa mtu wa historia ya muziki, akawa anafukuzia vyombo vya nyuzi kutoka Yemen mpaka Uhispania, akaandika vitabu vitatu vinene.

"Vilinunuliwa, sir?"

"Binti yangu ana vitano vya kila kimoja."

Santuri yenyewe ilivunjika wakati wa kuhama nyumba. Alikuwa ameinakili kwenye kanda, na kanda nayo ikapotea. Miaka yote hiyo alifukuza ile sauti kwa kumbukumbu tu. Ni juzi, alipohamia Dubai kwa binti yake, ndiyo kanda ikaonekana chini ya sanduku la nguo za baridi. Wakamwekea kwenye simu. Na asubuhi moja, mimi nikiongea na mama kwenye simu hapo lobi, jambo ambalo pia limekatazwa, mzee akasimama mbele yangu ameshika ukuta.

"Rafiki. Hiyo lugha. Mtu wangu anaongea hiyo lugha!"

Akanipa simu. Nikasikiliza. Kwanza shhhhh, kama chapati imewekwa kwenye mafuta. Mtu akakohoa. Halafu akasema, pole pole, sauti ya mtu wa heshima zake: "Haya. Hiki kinanda cha marehemu baba. Kikilia, kaeni kimya." Halafu nyuzi zikaanza.

"Anasema nini?"

Hapo ningeweza kusema ngoja niulize watu. Lakini hebu jiweke pale. Mtu mwenye vitabu vitatu anakuuliza wewe, ambaye kitabu chako cha mwisho ni cha Kiswahili darasa la nane, tena kilikuwa hakina jalada.

"Anasema hii ni kibodi ya marehemu baba yake, sir. Ikilia, watu wanyamaze."

"Kibodi?"

"Kibodi. Ogani. Ile ya kanisani."

Kwetu bara kinanda ni hicho. Mpiga kinanda wetu kanisani alikuwa fundi wa baiskeli, na alikipiga kama anajaza tairi upepo. Hakuna mtu kwetu asiyejua kinanda.

Mzee akakunja uso. "Lakini mimi nasikia nyuzi."

"Kinanda kiko nyuma, sir. Chini chini. Sikiliza vizuri."

Kwa nini niliongeza hiyo, sijui. Nilikuwa na tai.

Akafumba macho, akakandamiza simu kwenye lile sikio zima. Tukakaa. Wahindi wawili wakapita na baiskeli mpaka kwenye lifti, na mimi soja sikuwauliza kitu. Halafu uso wake ukafunguka.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo! Ile shhhh. Ni mivukuto!"

Kwa wiki tatu mzee hakuita teksi. Alikuwa anaandika. Alishuka tu kuniambia amefika ukurasa wa ngapi. Alikuwa amealikwa kuongea na kupiga kwenye ukumbi mmoja karibu na jengo letu, Jumamosi, na alisema hiyo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo anafunga mdomo na kupumzika. Alitaka ya mwisho iwe ya yule mtu wa santuri. Akaandika kurasa kumi na nne kueleza jinsi ogani ndogo ya upepo ilivyoingia nyumba za Waswahili ikaolewa na nyuzi. Akatunga na wimbo wake mpya, nyuzi na ogani. Na kwenye karatasi ya kugawia watu, mwisho kabisa, akaweka shukrani kwa jina langu. Jina langu lote, na la baba. Mama alipoambiwa akamwambia mchungaji, na mchungaji akaliambia kanisa. Fundi wa baiskeli akapiga kinanda kwa furaha.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya ofu. Siku mbili kabla ya ukumbi nilienda Bur Dubai kumtafutia mama leso, kwa duka moja la vitambaa ambalo mwenyewe ni kijana Mzanzibari, lakini mkuu halisi ni bibi yake. Bibi anakaa kwenye kiti mlangoni, ameshika ule mti wa kupimia vitambaa, na hakuna anayepita bila kuchunguzwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kununua au kushikashika tu?"

"Kununua, bibi. Mimi sasa ni mtu mkubwa. Naingia kwenye kitabu."

"Kitabu cha polisi?"

Nikamweleza. Sikuacha kitu. Mfaransa, santuri, kinanda cha marehemu baba, mivukuto. Nikaigiza na kukanyaga. Bibi alinitazama mpaka nikamaliza, halafu akaanza kucheka, kimya kwanza, mabega tu, halafu akaufunika uso kwa mtandio.

"Wallahi watu wa bara mtaniua," akasema. "Kinanda gani hicho kinachokanyagwa? Cherehani?"

"Kinanda, bibi. Cha kanisani."

"Hicho chenu. Huyo mtu wa santuri kwao wapi, kanisani? Anavyosema 'marehemu baba', ni mtu wa pwani huyo. Kwetu sisi zamani kinanda ni cha nyuzi. Hivi." Akaugeuza ule mti wa kupimia, akaupakata kifuani. "Shingo yake hii. Tumbo lake la mti, limetobolewa, limewambwa ngozi. Unakipiga kwa risha, ule unyoya. Mjomba wangu alikuwa nacho, na akishakunywa kahawa yake hakuna aliyethubutu kukohoa. Wengine wanakiita gabusi. Ndicho hicho hicho."

"Na ile shhhh?"

"Santuri kuukuu hiyo, mwanangu. Vumbi."

Nikairudisha leso mezani. Ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi, na Jumamosi mzee atasimama mbele ya watu, kwa mara yake ya mwisho, awaambie kwamba vumbi ni ogani. Kwa sababu yangu.

Nitasema ukweli, kuna sekunde kama kumi niliwaza kunyamaza. Nani atajua? Wazungu na mashekhe ukumbini, nani kati yao anajua kinanda? Jina langu liko kwenye karatasi, mama yuko kwenye furaha. Halafu nikaona mguu wa mtoto wa miaka kumi na mbili unakanyaga nyuma ya ukuta. Nikamwambia bibi, "Usifunge duka."

"Tunafunga saa saba. Yalla, kimbia."

Nikapanda metro mpaka Al Jaddaf. Pale mlangoni alikuwa mwenzangu, Mganda, rafiki yangu wa kitanda cha juu kule kambini, tunakula sufuria moja. Akasimama mbele ya lifti kifua mbele.

"Mgeni, unakwenda wapi?"

"Wewe! Ni mimi!"

"Soja bila yunifomu ni mgeni. Andika hapa."

"Nina haraka, bwana."

"Banange! Juzi si wewe ulinifanya niandike, na nilikuwa nimesahau simu yangu tu? Andika. Jina. Unakwenda kwa nani. Shughuli gani."

Nikaandika. Kwenye shughuli nikaandika: kinanda. Akasoma, akapiga simu ghorofa ya tisa kuuliza kama wanamjua mtu wa kinanda. Mzee akasema ndiyo, anamjua sana. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nilikuwa sijawahi kuingia kwake. Karatasi kila mahali, hata juu ya friji. Alikuwa amevaa soksi moja. "Rafiki! Njoo usikie mwisho wa wimbo!"

"Sir, usipige." Nikabaki nimesimama. "Nilikudanganya. Sikujua kama nadanganya, lakini ile ya kusema kiko nyuma, hiyo nilitunga. Kinanda cha yule mtu si ogani. Ni cha nyuzi. Nimeambiwa leo na mtu anayekijua. Hakuna mivukuto, sir. Ni vumbi."

Alikaa kwenye benchi ya piano, akavuta simu, akaweka ile sauti. Shhhhh. Kikohozi. Haya. Akaisikiliza mpaka mwisho, akairudisha, akaisikiliza tena. Mimi nilikuwa nahesabu vigae. Nilijua akimwambia binti yake, binti ampigie kampuni, khalas, imekwisha, kesho nimefunga mizigo kurudi kwetu.

"Nilitoe jina lako?" akauliza mwishowe.

"Toa, sir. Ni haki."

"Wewe ulinipa neno," akasema. "Mivukuto niliileta mwenyewe. Mtu mwenye masikio haya, miaka yote hii." Akagonga kile kidude. "Nilitaka iwepo. Nilikanyaga utotoni, nikaisikia uzeeni."

Nilidhani atalia. Akatafuta soksi ya pili.

"Huyo bibi. Anafunga saa ngapi?"

"Saa saba, sir."

"Basi unasimama hapo kwa nini?"

Kwenye metro hakushika chuma, alishika bega langu, na kila stesheni aliuliza kama ndiyo hii. Tulifika saa sita na nusu. Bibi alimwangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Ndiye huyu? Mbona mkondefu, hawampi chakula? Mwambie akae kitako."

Nikamwambia. Mara hii nilitafsiri neno kwa neno, na nisipojua nikasema sijui. Mzee alimtolea ile sauti. Bibi akasikiliza, na pale yule mtu aliposema kaeni kimya, alininyooshea kidole mimi, ingawa nilikuwa sijasema kitu. Nyuzi zilipoanza, vidole vyake vikaanza kutembea wenyewe kwenye mti wa kupimia. Alikuwa anamuiga mjomba wake. Mzee akaviona. Akapiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya kitambaa, akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto.

"Inaitwaje hiyo? Muulize ina jina lingine?"

"Aliniambia asubuhi, sir. Wengine wanaita gabusi."

"Gabusi?" Akanishika shati. "Gabusi! Rafiki, hiyo naijua! Hiyo nimeiandika kitabu kizima, ya Yemen! Nimeitafuta ilipokwenda, nimeitafuta!" Akaendelea kwa Kifaransa, hapo sikutafsiri.

"Kapatwa na nini?" bibi akauliza.

"Amepata alichopoteza, bibi."

"Basi asinikalie juu ya kitambaa changu cha atlasi, bei ghali hicho."

Ijumaa mzee alichana kurasa kumi na nne. Ule wimbo wa nyuzi na ogani akaufunga kwenye bahasha. Nilimwona wakati nampelekea kifurushi. Aliandika siku nzima na usiku pengine, sijui, mimi nilikuwa nimeshazolewa na basi.

Jumamosi nilikuwa zamu. Mganda akakubali kunishikia kwa sharti kwamba nifue nguo zake wiki mbili, pamoja na soksi. Soksi za soja si jambo dogo. Nikakubali. Nilikwenda ukumbini na yunifomu yangu, sina suti, na watu watatu wakaniuliza choo kiko wapi.

Mzee akapanda jukwaani. Akaweka ile sauti bila kusema anaitoa wapi. Halafu akawaeleza watu kwamba chombo cha huyu mwimbaji, kwa maneno yake mwenyewe, ni kinanda, na kwamba neno hilo kwenye kamusi ni ogani, na kwamba wakisikiliza chini chini watasikia mivukuto inavuta hewa. Akairudisha. Watu wakainamisha vichwa. Mama mmoja wa mbele akafumba macho, akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, anaisikia. Nusu ya ukumbi ilikuwa inaisikia.

Nikasema moyoni, mzee ameamua kudanganya, na amefanya hivyo kwa ajili ya jina langu.

"Na mimi niliisikia," akasema mzee. "Wiki tatu. Haipo. Ni vumbi."

Kicheko kikanitoka. Kikubwa, cha peke yake, ukumbi mzima ukageuka. Mzee akaninyooshea mkono, si kwa kunikaripia, akasema yule pale ndiye aliyempa kosa, na ndiye aliyekuja kulichukua siku yake ya mapumziko. Halafu akaeleza yote, cherehani na atlasi na mjomba wa bibi na kahawa. Akasema maisha yake yote ameandika historia ya muziki, na leo ndiyo mara ya kwanza anaandika ambapo sikio lake lilidanganyika. Akasema afadhali imwishie hapo.

Karatasi ya kugawia walikuwa wameichapa upya. Nilitafuta mwisho. Jina langu lilikuwepo, na la baba, na mbele yake ameongeza maneno madogo: aliyeniambia mara mbili.

Nikaipiga picha nimtumie mama. Nilikuwa bado naandika kumweleza hiyo mara mbili ni nini, mzee alipochukua udi wa kuazima, ile ala ya nyuzi, risha mkononi, akaupakata vile vile bibi alivyopakata mti wa kupimia. Kabla ya kupiga akakohoa. Halafu akasema kwa Kiswahili, na nilijua ameyafanyia mazoezi maana aliyasema kama mtu anayevuka barabara:

"Haya. Kikilia, kaeni kimya."

Nikazima simu. Nikakaa kimya, jambo ambalo mama mpaka leo haamini.